Mlango wa Kushoto

Gari letu lilitoka Japani likiwa na sauti ya mwanamke.
Ukiwasha tu, anasema neno refu, la adabu,
nasi miaka minane tulimjibu: Asante, mama.
Mwaka jana Kwamboka akatafuta maana:
anasema hujaingiza kadi.
Kadi gani, hatujui. Ya barabara za kulipia huko kwao, pengine.
Miaka minane anadai, nasi tunamshukuru.

Viti vinane. Nilivihesabu kabla sijalipa:
mimi, Onsomu, watoto watatu, mama mkwe,
viwili vya wageni, maana wageni hawakosi.
Dalali wa Ngong Road aliapa, kilomita elfu sitini na mbili,
mwenyewe alikuwa mzee, alikwenda nalo sokoni tu.
Basi mzee huyo soko lake lilikuwa mbali.

Mwaka wa kwanza fungate.
Wa pili, giaboksi ikaanza kusitasita,
ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inashtuka
kama mtu aliyetajwa kanisani akiwa usingizini.
Fundi Nzioka akachomoa kijiti, akanusa.
"Mafuta yameungua. Nani alikuwekea haya ya kawaida?"
Wewe, Nzioka. Mwezi wa Machi. Risiti ninayo.
Akajifuta mikono polepole:
"Gari hizi ni nzuri, ila zinataka mtu wake."

Jumamosi, uani kwetu Donholm, boneti ziko wazi.
La Achesa lilichemkia Kinungi, rejeta ikapasuka,
bibi harusi akashuka na shela lake
akala mahindi ya kuchoma kando ya barabara saa mbili nzima.
Mwalimu Chelagat amebadilisha bushi mara nne,
bei za Kirinyaga Road anazitaja kama majina ya wajukuu.
Mimi Grogan nilinunua kioo cha pembeni,
nikakuta mkwaruzo ninaoujua. Kilikuwa changu.
Nikalipa.
Tunayatukana, haya magari, mpaka chai inapoa.
Lakini mwambie mmoja wetu, si uliuze basi,
uone anavyonyamaza,
kama umemgusia mtoto.

Tena hayo yote ni afadhali. Kilichotushinda ni mlango wa kushoto,
ule wa kuteleza.
Fundi mmoja alisema kijigurudumu cha reli, wa pili akasema waya,
wa tatu aliutazama akasema tuuombee.
Kwa nje haufunguki kabisa.
Kwa ndani unafunguka, ukiujulia:
nyanyua kishikio, vuta kwako kwanza,
halafu teke moja, chini.
Kwamboka aliujulia akiwa na miaka saba.
Kiti kile kikawa chake. Bawabu.
Nyanya yake hashuki mpaka alipe peremende.
Pesa za kuutengeneza niliziweka kando mara tatu,
mara tatu zikaliwa na karo.

Jumapili tulimpeleka Molo, gredi ya kumi, shule ya bweni.
Godoro, ndoo, sanduku la bati lenye jina kwa rangi nyeupe.
Mlima wote nilikuwa na jicho kwenye mshale wa joto.
Haukupanda. Siku ile gari lilikuwa na heshima.
Akapiga teke lake, akashuka,
akaufunga nyuma yake, taratibu, kwa mikono miwili.

Tumefika nyumbani usiku. Injini kimya, feni bado inazunguka.
Onsomu kaenda kutafuta mlinzi wa geti.
Nyuma, gizani, mama mkwe:
"Haya, nifungulieni."
Nimepita katikati ya viti na sketi yangu ya kanisani,
nimenyanyua, nimevuta, nimepiga.
Hapana.
Nimepiga tena, kiatu kimetoka.

"Chini zaidi," akasema. "Pale palipobonyea."

Nikapapasa bati. Nikapapata.
Kishimo kidogo, laini,
kinaingia kidole gumba changu chote,
kisigino cha mtoto wa miaka saba.