Kisichokwenda

Juu, upepo wa Montana unasugua theluji kwenye vioo.
Chini ya ngazi ni Julai; imekuwa Julai miaka ishirini:
nyasi za unga wa mbao uliotiwa rangi,
mto wa gundi iliyokauka,
na reli nyembamba kuzunguka meza kuukuu ya tenisi.

Verna Tollefson amefungua sanduku la viatu
la kaka yake, Lyle, aliyezikwa Oktoba.
Mabehewa tisa. Moja halina ekseli.
Moja limebonyea paa kwa jua la dirishani.
Na hili jekundu lilidondoka siku ya mazishi:
kiwiko cha mgeni, sahani ya keki mkononi,
na chumba kizima kikajifanya kutazama ukuta.

"Tupa," mwanawe alisema kwenye simu. "Hayaendi."
Hayaendi, kweli.
Lakini kisichokwenda
huenda kikakaa.

Ameshika koleo. Magurudumu yanatoka
kama meno ya utotoni, kwa kubembelezwa, halafu ghafla.
Anayatia kwenye chupa ya vidonge vya Lyle,
yanacheza humo kama njugu.
Kisu kinafuata. Mkono unatetemeka,
dirisha linatoka kombo.
Liwe kombo. Hajapata kusikia
nyumba ya reli yenye dirisha lililonyooka.

Maana mama yake alizaliwa ndani ya behewa,
magharibi ya Havre, mwaka wa ukame,
behewa zee ambalo kampuni ililivua magurudumu,
ikaliketisha juu ya mataruma
na kumwambia babu: haya, hamia.
Jiko la makaa, pazia la gunia la unga,
na juu ya kitanda, kwa rangi nyeupe,
nambari ambayo hakuna aliyejali kuifuta.
Mama alijifunzia kuhesabu hapo:
nne, saba, moja, moja, sita.
Shuleni walipomwambia baada ya moja huja mbili
alibisha hadi akasimamishwa pembeni.

Lyle angekasirika. Lyle alihesabu ribiti.
"Behewa la aina hii halikuwapo enzi hizo," angesema,
"na bomba hilo la moshi ni mrija wa soda."
Ni mrija wa soda, Lyle. Nimeupaka masizi ya mshumaa.
Na kamba ya nguo ni uzi wa kusafishia meno,
na shati hilo linaloning'inia
nimelikata kwenye shati lako.
Nambari nimeiacha.

Saa nne usiku anabonyeza swichi.
Injini inatoka kwenye handaki la kadibodi
ikivuta mazima yaliyosalia.
Yanapita, na kibanda chekundu kinatikisika,
kinasogea upana wa ukucha.

Mama alisema sahani zilikuwa zikitembea rafuni
kila treni ya posta ilipopita,
na kila usiku bibi alizirudisha mahali pake,
moja moja, bila kununa,
kama mtu anayewalaza watoto.

Chupa ya gundi iko wazi, karibu na mkono.
Verna anaifunga.
Anakirudisha kibanda kwa kidole
na kungoja treni izunguke.