Harufu ya Vidole

Mama hunipokea kwa pua.
"Umetoka Barka," husema, "nasikia jiki."
Nami nimenawa mara tatu, kwa sabuni ya ubani.

Kiwandani twayavuta maji ya bahari,
twayavua chumvi yake hadi yawe mageni hata kwa samaki.
Na chumvi ni ndoa ya wakali wawili:
mmoja huwaka akiguswa na maji,
mwenzake gesi ya rangi ya ndimu, ikabayo koo.
Wakioana hutulia kimya ndani ya wali.
Kadhi wetu ni umeme. Huwapa talaka,
nami namchukua yule wa ndimu, namtuma bombani,
nusu miligramu kwa lita,
awahi kufika kabla ya mdudu.

Kipimo kikizidi, macho huwasha.
Kikipungua, muulize Mama.

Mama hapendi kuulizwa.
Ila jana binti yangu, Zuwaina, aliyasukuma maji ya mfereji:
"Bibi, yananuka bwawa la kuogelea!"
Mama akaweka chini kikombe cha kahawa,
akasema kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo:
"Kaka yangu Khalfani alikunywa ya kisima.
Matamu. Hayakunuka kitu.
Alfajiri macho yamezama,
alasiri tukamzika."

Zuwaina akainua gilasi, akanywa yote,
akafuta mdomo:
"Bado yananuka."

Usiku Mama akanivuta mkono,
akaunusa, akakaa nao.
"Kesho," akasema,
"acha hiyo sabuni."