Faili Zipo, Mahali Hapapo

"Mwangaluka," nikasema. Hakuitika.
Bi Kalunde Mihayo, karani wa asali hapa Isevya,
alikuwa ameikodolea macho kompyuta
kama mtu aliyerudi toka sokoni
akakuta nyumba ipo, vyombo hamna.

Sasisho lilipita usiku.
Asubuhi uso ni buluu, mtupu, umepigwa pasi.
Hata ikoni moja.

Nikafungua folda, nikamwonyesha:
mia moja na kumi na nne, A hadi Z, haijapotea hata moja.
Akaipitia orodha taratibu
kama mzazi anayesoma majina ya waliofaulu.

"Zipo," akasema. "Lakini haziko mahali."

Kisha kidole, juu ya kioo kitupu:
"Nzega hapa juu. Urambo huku, linakotua jua.
Sikonge chini, wengi, wamebanana.
Wenye madeni nimewaweka jirani na pipa la taka,
waone wanakoelekea."
Akacheka kidogo. Kidole kikafika kona ya kulia.
"Na hapa Maganga Sizya, peke yake.
Alikufa Machi. Madebe yake mawili hatujayalipa,
mjane hajaja.
Nisipomwona kila asubuhi, nitamsahau."

Walioitengeneza Linux hii, huko waliko,
waliona meza safi ndiyo meza nzuri.
Sijui kama wamewahi kupima asali.

Nikawasha bando la simu yangu.
Kiongezi kipo, kazi ya mtu mmoja nisiyemjua
aliyekataa, kama Bi Kalunde, kuhamishwa.
Nikakipakua. Kikagoma: toleo lako jipya mno.
Nikaingia ndani ya faili lake la maelezo,
nikaikuta safu ya namba alizozitambua,
nikaongeza ya kwetu mwishoni.
Kikagoma tena.
Nusu saa, natoka jasho, kumbe mkato,
kijimkato kimoja, kama mguu wa nyuki,
sikukiweka.

Nikakiweka. Toka. Ingia.
Treni ya Kigoma ikapiga honi kule stesheni
na zote zikarudi kwa mkupuo,
mia na kumi na nne, mistari minyoofu toka kushoto,
Abedi kabla ya Bundala, Bundala kabla ya Chasama,
wanafunzi wa gwaride.

"Nikupangie?"
Akanipokonya kipanya.

Moja moja. Nzega zikapanda.
Urambo zikaenda magharibi.
Mdaiwa mmoja akamwondoa penye pipa:
"Huyu amelipa Ijumaa," akamrudisha kwao Sikonge.
Chai yangu ilipoa. Sikuthubutu kusema kuna njia ya mkato,
maana hakuna; mkato wangu ulishafanya kazi yake.

Maganga alikuwa wa mwisho.
Akamburuta hadi kona, akamwachia,
akamsogeza tena, kiasi cha punje ya mtama,
mpaka akaridhika.

"Na likija sasisho jingine?"
"Nimelizuia," nikasema,
nusu kweli, nusu dua.

Akanitazama. Hakusema kitu.
Akafungua droo, akatoa daftari la zamani la stakabadhi,
akachora nyuma yake mraba mmoja mkubwa,
na kwa kalamu ya wino, kuanzia kona ya kulia,
akaanza kuandika majina.

"Mali bila daftari," akasema,
akaniachia nimalizie mwenyewe.