Sharti Niende

Darasa letu la Kifaransa lina watu saba
na pangaboi moja linalolia kama kitanda kibovu.
Wenzetu wote walichagua Biashara.
Sisi tumebaki hapa Tononoka, saa nane mchana,
mashati yamegandama migongoni,
Nzaro bado ana rangi ya mabuyu ulimini,
na Madamu Kadzo anaandika ubaoni
vitenzi vya kwenda na kuja.

Mwaka wa kwanza tulijifunza kuomba maji.
Wa pili, kununua tikiti ya treni
katika mji ambao huenda hata mmoja wetu asiufike.
Huu wa tatu ndio mwaka wa katikati:
umeshajua kiasi cha kuaibika,
hujajua kiasi cha kujitetea.

R yao, alisema Madamu, msiitafute puani.
Semeni ghali. Semeni ghafla. Semeni ghadhabu.
Hapo koo linapokwaruza, ndipo ilipolala.
Swafiya wa Kuze akaipata papo hapo,
Mutheu akakohoa mpaka kengele.
Kisha jinsia: meza ni mwanamke,
kisu ni mwanamume. Nani aliwakagua?
Tukacheka. Sisi tuna ngeli tele,
na hakuna kitu kilichowahi kuvuliwa nguo
ili kiingie kwenye ki-vi.

Leo hatucheki.
Wakati uliopita, anasema, hauendi peke yake,
hushikwa mkono.
Vitenzi vingi hushikwa na avoir, kuwa na.
Vichache hushikwa na être, kuwa:
kuja, kwenda, kuondoka, kuzaliwa, kufa.
"Ukiondoka, huna kuondoka. Wewe ndiwe uliyeondoka."
Je suis parti. Wasichana, ongezeni e mwishoni.
Andikeni mara kumi.

Niliandika mara nne, kalamu ikasimama.

Juu ya kabati la nyanya
mna kopo la biskuti lililosahau biskuti.
Ndani: stakabadhi za kodi, mkufu uliokatika,
na daftari la babu, Mngazija wa Guraya,
lililorudi na sanduku lake kutoka Marseille
alikopika mkahawani miaka sita,
kisha mingine ambayo haikuhesabiwa.
Ukurasa mmoja tu una maandishi. Barua kwa tajiri wake,
ya kuomba ruhusa. Imeandikwa, imefutwa, imeandikwa.
Hakuna nyumbani aliyewahi kuisoma.
Tuliijua kwa wino tu.

Usiku nikaifungua, kamusi pajani.
Monsieur, j'ai parti de Mombasa...
Kosa.
Kosa lilelile la ubaoni, la mistari miwili myekundu.
Chini yake akajaribu tena: j'ai venu. Kosa.
Il faut que je vais. Kosa, tena baya,
maana niende anaijua, amezaliwa nayo,
ile e ya mwisho anayoniamshia mama kila alfajiri:
uamke, unawe, uende.
Huko ng'ambo hakuipata mdomoni.

Kalamu nyekundu nilikuwa nayo. Nikaifungua kifuniko,
nikakirudisha.
Kumbe naye aliishia katikati.
J'ai parti: nina kuondoka,
kama mtu asemavyo nina homa, nina deni.
Sijui kama aliipeleka.

"Yasema nini?" nyanya akauliza toka mlangoni,
mswaki wa mti mdomoni.
Nikamsomea kwa Kiswahili, nikinyoosha nilipoweza:
Bwana, niliondoka Mombasa.
Nina mtoto nisiyemjua sura.
Lazima niende.

Nyanya akautoa mswaki.
"Sharti," akasema.
"Babuyo lazima hakuijua. Neno lake sharti."

Nikafuta. Nikaandika: sharti niende.
Akasimama palepale, mkono kwenye mwimo.
"Na huyo tajiri, alimjibuje?"

Nikageuza ukurasa,
ingawa nilijua hauna kitu.