Nusu Isiyoonekana Pichani

Picha ni ndogo, haijazi kiganja.
Baba kasimama thelujini, mwaka wa arobaini na mbili,
bombomu kifuani, kaipakata
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.
Nusu ya mbele naiona: mtutu na vijitundu vyake,
na lile gurudumu la risasi, duara kama sufuria.
Nusu ya nyuma imemezwa na koti.

Basi nikaanza na nusu.

Mimi ni Hilkka Rautiainen, wa Varkaus,
miaka thelathini na minne kiwanda cha karatasi,
mashine namba tatu, zamu ya usiku.
Mikono iliyozoea kelele haijui kustaafu.
Baridi ya kwanza nilifuma soksi. Ya pili, soksi.
Ya tatu nikashuka chumba cha chini,
penye jiriwa ya marehemu Paavo,
nikawasha taa.

Mtutu: bomba la mashine ya kufyonza vumbi.
Nikalitia alama kwa kalamu ya nyusi,
nikalitoboa kwa keekee, tundu baada ya tundu.
La nne limekwenda upogo. Nimeliacha.
Gurudumu: mkebe wa biskuti za mdalasini,
Krismasi ile ya mwisho tukiwa wawili.
Komeo: la mlango wa choo cha shamba,
na kutu yake, ambayo sikuinunua.

Kitako nimekichonga kwa mbetula
ulioangushwa na tufani ya Septemba,
mti mweupe ganda, kana kwamba umezaliwa karatasi.
Randa, tupa, msasa, msasa mwembamba zaidi,
mafuta ya kitani kwa kipande cha shuka kuukuu,
kulala, kuamka, kupaka tena.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Changu kilijaa kwa kupunguzwa:
kila chenga iliyodondoka sakafuni
ilinisogeza.

Urho, mdogo wangu, akasema: si ununue tu?
Ziko za plastiki, zinaletwa na posta,
zinatema vigololi, betri humo humo.
Nikamwambia sitaki inayotema kitu.
Mdomo nimeuziba mwenyewe,
kijiti cha mbetula uleule, gundi, na msumari juu yake.

Ile nusu ya nyuma, je?
Makumbusho yako, ningekwenda kutazama. Sikwenda.
Kitako nimekifupisha kwa bega langu.
Mkanda nimeufuma kwa nyuzi za soksi,
nyekundu na samawati, baba angeona haya.
Na pale shavu linapolala nimechimba kidogo, kidogo sana,
nikifuata shavu langu,
ambalo shangazi zote walisema ni lake.

Ikabaki uzito.
Ya kwao, imeshiba risasi, ilikuwa kilo saba na ushei.
Yangu ilipanda mizani ya bafuni: kilo mbili, kama kuku.
Nikaushindilia mkebe chubwi za Paavo za kuvulia,
na nati nilizotoka nazo kiwandani,
moja moja, mfukoni, kwa miaka,
bila kujua za nini.

Nikaiinua. Nikasimama kama pichani.
Dakika ya nne bega la kushoto likaanza kushuka, lenyewe.

Baba alikuwa na bega moja chini.
Kila Jumapili, mlangoni, mama alimwambia:
jinyooshe, Armas, koti linakukaa vibaya.
Hakuwahi kumjibu.

Leo Oona wa ghorofa ya pili kashuka kutafuta sleji yake.
Akaiona juu ya meza.
“Inalia?”
“Inalia,” nikasema, nikaitikisa,
nati zikalia ndani ya mkebe.
Akacheka, akaitaka. Nikamwekea mikononi,
yangu chini ya yake.
Ikamshinda. Tukaishusha pamoja, polepole, hadi sakafuni.
Akainama, akanusa.
“Mbona inanukia biskuti?”