Tangazo la Mrututu

Tangazo la kwanza nililibandika mlangoni pa chama,
Uru, juu ya Moshi mjini:
"Wakulima wote mnaagizwa kupulizia mrututu
kabla ya tarehe kumi."
Mvua ikalilamba. Mbuzi akamalizia.

La pili nililipigia mstari mwekundu.
Wakalifungia karanga.

Usiku, umeme umekatika, nikaandika upya:

"Jumanne Ndeonansia aliamka akakuta buni zake mbichi
zimekuwa nyeusi kama macho ya panya.
Akachuma moja, akaibonyeza. Tupu.
Ada ya Elinami ilikuwa juu ya mti ule.
Hakulia. Alikwenda bandani, akalikung'uta vumbi
bomba la marehemu mumewe, akavuta mpini, na"

Karatasi ikaishia hapo.

Asubuhi walijaa mlangoni wakisomeana,
mmoja kashika kona isipeperuke.
"Sasa bomba lilifanya kazi?"
"Na mtoto, karudi shule?"
Nikawajibu: mrututu upo dirishani, njooni na ndoo.
Foleni ikafika hadi mferejini.

Ila Ndeonansia mwenyewe alinivuta pembeni,
vidole vyake vya buluu vikinibana mkono:
"Ukiandika tena, sema nililia.
Nililia sana, mwanangu.
Usininyime."