Mwangalizi wa Vitunguu

Ndege ya kwenda Moroni ni bei ya cherehani,
tena ile ya umeme, yenye taa yake shingoni.
Nimeuliza madirisha matatu pale Posta,
yote matatu yamenijibu kwa dola,
na fedha yangu mimi ni ya vifungo na zipu,
inanuka mafuta ya mashine.

Kaka Nassur anafunga ndoa ya ada.
Miaka ishirini ameikopea:
ng'ombe, dhahabu, mchele wa mji mzima,
na dada mmoja tu, wa Kariakoo,
anayetakiwa aje na leso za sare, doti arobaini.

Basi nikashuka bandarini na doti zangu kichwani.

Boti ya Unguja ninaijua:
viti laini, baridi ya kutetemesha, sinema isiyoisha,
watu wanatapika kwa adabu ndani ya mifuko.
Lakini inaishia Malindi.
"Na mbele ya hapo?"
Domitila wa dirishani akakipangusa kioo
kana kwamba swali langu ndilo lililokitia ukungu.
"Mbele ya hapo, dada, ni maji."

Siku ya tatu nikamkuta Chande,
dalali mwenye kalamu mbili sikioni, moja haiandiki.
Meli alizishika daftarini kama mtu anavyoshika wadeni:
hii imekwama Mtwara, hii imeuzwa,
hii injini yake iko Mombasa, yenyewe iko hapa,
hii, Tawakali, inaondoka Alhamisi.
"Alhamisi ipi?"
"Ikijaa."

Abiria laki tatu na nusu. Chakula chako, mkeka wako,
kutapika kwako.
Nikauliza ng'ombe analipiwa ngapi.
Si kwa ubishi; nilitaka tu kujua nimesimama wapi.
Ng'ombe analipiwa zaidi, akasema, ila anapewa majani.
Gunia la vitunguu elfu kumi na mbili,
linalala chini ya turubai, halidaiwi pasi
wala kadi ya homa ya manjano.

Nikakaa juu ya mzigo wangu, nikapiga hesabu:
magauni matatu ya kipaimara, sare za shule ya Buguruni,
deni la Mama Tabia.
Kila nilipokunja upande huu, upande ule ulichomoza.
Walisema mwenda bure si mkaa bure.
Mwenda kwa rahisi je, wakamwacha wapi?

Jioni Chande akarudi na soda, nusu ameshaikunywa.
Kuna tajiri wa Mang'ola ana magunia mia tatu,
bahari anaiogopa, hata ya kwenye kalenda.
Anatafuta mtu wa kuvigeuza vitunguu visioze njiani,
avifunue asubuhi, avifunike mvua ikija.
Nauli juu yake. Mkeka juu yangu.
"Unaweza kugeuza vitunguu?"

Nimegeuza kola za mashati ya watu miaka kumi na sita,
upande uliochakaa ndani, ulio mzima nje,
wakaenda nayo harusini.
Kitunguu kitanishindaje?

Alhamisi ikapita. Na nyingine.
Mama akapiga simu: uko wapi?
Nikamwambia niko njiani.
Si uongo; njia ndiyo iliyokuwa haijaondoka.

Kijana wa uhamiaji akagonga muhuri, akainua pua.
"Unasafirisha nini?"
"Ninasafirishwa," nikamjibu.

Ijumaa, baada ya swala, wakaita majina.
Wafanyabiashara kwanza, kisha kina mama wenye watoto,
kisha ng'ombe, bila majina.
Karani akasoma karatasi ya mzigo:
vitunguu, magunia mia tatu,
mwangalizi mmoja.
Nikaitika.

Leso nimezifunga nailoni mbili, na ya tatu kwa ndani.
Lakini najua.
Siku ya ada wanawake arobaini watapita wamejipanga,
na Mitsamihuli nzima itavuta pua,
itauliza nani anapika.